SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: CHANGO HUKAA TUMBONI, MAYAI YAKE HUKAA ARDHINI

Somo hili limetayarishwa lisomwe katika mkutano wa wanachama au katika kikundi cha masomo cha chama. Katibu aweza kulisoma lote kwa siku moja, au kuligawa katika vipindi vitatu: cha kwanza juu ya maisha ya chango na madhara yake, cha pili juu ya njia anazoingilia mwilini na mipaka ya dawa, na cha tatu juu ya kazi ya chama. Mwishoni yamewekwa maswali ya majadiliano na kazi ya kufanywa kabla ya mkutano unaofuata.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Habari za minyoo zikitajwa mbele ya wanachama, hakosi mmoja wa kuuliza: Je, hili si jambo la zahanati? Ushirika unahusika na pembejeo, mizani, ghala na malipo. Matumbo ya watu yanaingiaje humo? Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kabla ya somo kuendelea.

Jibu ni hili. Mganga hutibu tumbo la mtu mmoja mmoja, lakini chango hakai tumboni tu. Sehemu moja ya maisha yake, ile ya yai, hupita katika udongo: udongo wa shamba la mboga, wa kando ya kisima, wa nyuma ya ghala ambako watu hujisaidia siku ya kuuza mazao. Udongo huo hauendi zahanati. Hutunzwa au huchafuliwa na watu wanaoutumia kwa pamoja, na katika vijiji vingi watu hao ndio wanachama wa chama cha msingi. Mtu mmoja akimeza dawa, na jirani yake asiwe na choo, yule wa kwanza ataambukizwa tena. Ni jambo lisilowezekana kumalizwa na mmoja peke yake, na kwa ajili ya mambo ya namna hiyo watu waliungana wakaanzisha ushirika.

Tena, Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika, katika mkutano wake wa mwaka 1995 uliofanyika Manchester, Uingereza, lilikubali misingi 7 ya ushirika. Msingi wa 5 ni elimu kwa wanachama, na wa 7 ni kuijali jamii. Chama kinachojadili choo na maji safi hakijatoka nje ya kazi yake.

CHANGO NI NANI

Minyoo wa tumboni ni wa aina nyingi, na majina yao yasichanganywe. Tegu ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe, anayepatikana kwa kula nyama isiyoiva vizuri. Minyoo wa safura ni wadogo sana. Kwa kawaida hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu, kisha hunyonya damu ndani ya utumbo. Chango, ambaye ndiye mhusika wa somo hili, ni mnyoo wa mviringo, mweupe wa kuelekea wekundu hafifu, mwenye ncha mbili zilizochongoka. Wataalamu humwita Ascaris lumbricoides. Jike huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 35. Dume ni mfupi kidogo. Hapenyi ngozi wala haletwi na mbu. Huingia kwa njia ya kinywa: katika chakula, katika maji, au katika vidole vichafu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo wanaoenezwa kwa udongo, chango wakiwa miongoni mwao. Minyoo hawa husitawi zaidi katika nchi zenye joto na unyevunyevu, mahali ambapo vyoo ni haba.

Safari ya chango yafaa ieleweke hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua ina mahali pake pa kukatiwa.

Hatua ya kwanza: jike aliye katika utumbo mwembamba hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Mayai hayo ni madogo mno, hayaonekani kwa macho, nayo hutoka pamoja na kinyesi.

Hatua ya pili: yai lililotoka leo halina uwezo wa kuambukiza leo. Linahitaji kukaa katika udongo wenye unyevu, joto na kivuli kwa muda wa siku 18 hadi wiki kadhaa, ndipo mnyoo mchanga akue ndani yake. Ganda lake ni gumu sana. Katika udongo unaolifaa, yai laweza kubaki hai kwa miaka.

Hatua ya tatu: mtu hulimeza yai lililokomaa. Mnyoo mchanga huanguliwa katika utumbo mwembamba, hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu, hupita katika ini, na kufika mapafuni. Huko hukua kwa siku 10 hadi 14. Kisha hupanda kwa njia ya pumzi hadi kooni, naye mtu humeza tena pasipo kujua.

Hatua ya nne: safari hii mnyoo akifika utumboni hakuna pengine anapokwenda. Hukua, hupata mwenzi, na baada ya miezi 2 hadi 3 tangu yai lilipomezwa, jike huanza kutaga. Chango huishi mwaka 1 hadi 2.

Safari ya mapafuni haikuwa rahisi kuaminiwa. Mwaka 1922 daktari wa watoto wa Japani, Shimesu Koino, alimeza mayai 2,000 ya chango kwa makusudi. Baada ya siku chache alishikwa na ugonjwa wa kifua, na katika makohozi yake mwenyewe akawaona minyoo wachanga. Kwa njia hiyo ya hatari jambo hilo lilithibitika kwa wanadamu. Kwa hiyo mtoto anayekohoa kikohozi kikavu, mwenye pumzi za shida, huenda akawa na chango waliomo njiani, hata kama tumbo lake bado halijauma. Hata hivyo kikohozi kina sababu nyingi, na apelekwe zahanati akapimwe.

HESABU YA CHANGO

Makatibu ni watu wa hesabu, na chango anaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno.

Mtu mwenye chango majike 10 hutoa mayai yapata 2,000,000 kwa siku. Kwa wiki moja ni 14,000,000. Ikiwa mtu huyo hujisaidia ukingoni mwa shamba, mayai yote hayo huachwa hapo. Mengi yatakauka na kufa kwa jua. Yakifa yote isipokuwa 1 katika kila 100,000, bado yatabaki 140, na hayo ni ya wiki moja ya mtu mmoja.

Upande wa pili wa daftari kuna jambo lisilojulikana na wengi: chango hawazaani na kuongezeka ndani ya mtu. Mayai yanayotagwa tumboni hayaangukii humo yakaanguliwa. Ni lazima kwanza yatoke na kupita katika udongo. Kwa hiyo mtoto mwenye chango 40 amemeza mayai yaliyokomaa yasiyopungua 40. Kila chango anayeonekana ni stakabadhi: inathibitisha kwamba kitu kilichotoka katika kinyesi cha mtu kilifika katika kinywa cha mtoto huyo. Stakabadhi hizo zikiwa nyingi katika kijiji, swali la kuulizwa ni hili: Ardhi gani imezitoa?

MADHARA YAKE

Watu wengi wenye chango wachache hawasikii lolote, na kwa sababu hiyo ugonjwa hudharauliwa. Madhara huja kwa wingi wa minyoo, na wenye minyoo wengi zaidi kwa kawaida ni watoto. Mtoto huumwa tumbo, hukosa hamu ya chakula, na chakula anachokula humfaidia kidogo. Hukonda huku tumbo limetuna. Upungufu wa vitamini A humzidia. Mzazi hulima, huuza, hununua chakula, na sehemu ya chakula hicho huwanufaisha wadudu.

Wakiwa wengi sana, chango husukana pamoja kama kamba na kuziba utumbo. Wengine huingia katika mrija wa nyongo, wakaleta maumivu makali. Mwaka 1963, katika mji wa Jeonju nchini Korea Kusini, mtoto wa kike wa miaka 9 alifikishwa hospitalini akiwa na utumbo ulioziba. Waganga walipompasua walitoa chango 1,063. Mtoto hakupona. Habari hiyo iliwashtua watu wa nchi ile, na matokeo yake yataelezwa mbele.

Dalili za hatari ni hizi, na kila mzazi azishike: tumbo kuvimba na kuwa gumu, maumivu yanayokuja na kurudi, kutapika, na kutopata haja kubwa wala kutoa upepo. Mtoto wa namna hiyo asipewe dawa ya minyoo nyumbani wala mitishamba. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

IMANI ZILIZOZOELEKA

Wazee wengi wameshika kwamba mtu huzaliwa na chango, na kwamba chango wachache ni wa lazima ili chakula kisagike. Kuna pia maumivu mengi ya tumbo na ya uzazi ambayo huitwa kwa jina hilo la chango, ingawa hayana uhusiano wowote na mnyoo. Katibu asiwadhihaki wenye maneno hayo. Ni majina ya kale yaliyobeba maana nyingi. Aeleze tu kwamba mnyoo anayezungumzwa hapa anatoka nje ya mwili, na kwamba chakula husagika bila msaada wake.

Imani nyingine ni kwamba sukari na maembe mabichi huzaa minyoo. Sukari haizai minyoo. Lakini embe lililookotwa chini na kuliwa bila kuoshwa laweza kubeba mayai ya chango, na mtoto aliyelamba vidole vya sukari amelamba pia udongo uliokuwa vidoleni. Wazee waliona vizuri. Sababu tu ndiyo iliyokuwa nyingine.

Imani ya tatu ndiyo yenye hasara zaidi: kwamba kinyesi cha mtoto mdogo si uchafu. Mama humwita mbwa, au hutupa kinyesi kichakani, au huosha nepi karibu na kisima. Kumbe watoto ndio wenye chango wengi kuliko watu wazima. Kinyesi cha mtoto kinapaswa kutupwa chooni sawasawa na cha baba yake.

NJIA ANAZOINGILIA

Ya kwanza ni mboga na matunda yanayoliwa mabichi: kabichi ya kachumbari, saladi, karoti, nyanya, kotmiri. Mayai hushika katika majani yaliyo karibu na udongo, na hasa pale ambapo bustani humwagiliwa kwa maji ya mfereji uliopita katikati ya nyumba zisizo na vyoo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwamba maji machafu yaliyosafishwa kwa ajili ya kumwagilia yasiwe na zaidi ya yai 1 la mnyoo katika lita 1. Mkulima hawezi kupima jambo hilo kwa macho, lakini aweza kutembea kando ya mfereji wake kuelekea juu na kuona kuna nini.

Ya pili ni maji ya kunywa. Hapa yafaa kuangalia sana, kwa sababu dawa ya klorini, inayoua vijidudu vingi vya kuhara, haiui mayai ya chango kwa kiasi kinachotiwa katika maji ya kunywa. Ganda la yai huyakinga. Kuchemsha ndiko kunakoyaua. Maji yachemshwe mpaka yatokote, yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu.

Ya tatu ni mikono. Mtu aliyetoka shambani, au chooni, akakaa kula bila kunawa kwa sabuni, hula pamoja na kilicho chini ya kucha. Mpishi mmoja asiyenawa huwalisha watu wengi.

Ya nne ni udongo wenyewe. Watoto wadogo hucheza chini na kutia vidole vinywani. Wajawazito wengine hula udongo. Udongo ukiwa umechimbwa mahali palipochafuliwa, mayai huliwa pamoja nao.

Kuosha mboga kwa maji mengi yanayotiririka, au kwa maji safi yaliyobadilishwa mara kadhaa, hupunguza mayai. Chumvi na siki visitegemewe kuyaua. Kumenya ni bora, na kupika ni bora kuliko yote.

DAWA NA MIPAKA YAKE

Dawa za chango zipo na ni nzuri. Zinazotumika zaidi ni albendazoli, miligramu 400 kwa mara moja, na mebendazoli, miligramu 500 kwa mara moja. Mtoto wa mwaka 1 ambaye hajatimiza miaka 2 hupewa nusu ya kiasi hicho cha albendazoli. Mjamzito asimeze dawa hizi katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya hapo ameze kwa ushauri wa mganga tu. Katika sehemu zenye minyoo wengi, watoto hupewa kingatiba shuleni au kliniki pasipo kupimwa mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani hushauri mara 1 kwa mwaka palipo na maambukizo ya asilimia 20 au zaidi, na mara 2 yakizidi asilimia 50. Wazazi wasiwafiche watoto siku hiyo.

Lakini dawa humtoa chango tumboni, haimtoi ardhini. Jambo hili lilionekana wazi katika kisiwa cha Pemba. Katika miaka ya 1990 watoto wa shule wa kisiwa hicho walipewa dawa hizi na kufuatiliwa. Dawa zilifanya kazi yake, ila miezi michache tu baadaye maambukizo yalikuwa yamerudi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa udongo ulikuwa ule ule na vyoo vilikuwa vile vile. Kwa hiyo dawa ilibidi irudiwe na kurudiwa. Dawa bila choo ni kama kuteka maji katika mtumbwi uliotoboka: kuteka kunaokoa, lakini tundu nalo halina budi kuzibwa.

NCHI ILIYOFAULU

Korea Kusini iliziba tundu hilo. Baada ya kifo cha mtoto wa Jeonju, chama cha kupambana na vimelea kilianzishwa mwaka 1964, na sheria ya kuzuia maradhi ya vimelea ikapitishwa mwaka 1966. Wakulima wa nchi ile walikuwa na desturi ya zamani ya kurutubisha mboga kwa kinyesi cha watu. Kabichi ndiyo iliyokuwa kitoweo cha kila nyumba, tena ikiliwa bila kupikwa, na mayai ya chango yalirudi mezani kila siku.

Tangu mwaka 1969 hadi 1995 watoto wa shule walipimwa kinyesi mara 2 kwa mwaka, na wenye minyoo wakapewa dawa. Wakati huo huo mbolea ya viwandani ilichukua nafasi ya kinyesi mashambani, vyoo vikajengwa, na maji ya bomba yakaenea. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 1971 ulikuta chango katika watu 55 hivi kwa kila 100. Uchunguzi wa mwaka 1992 ulikuta katika watu 3 kwa kila 1,000. Kazi hiyo ilichukua miaka 20 na zaidi, nayo ilifanywa pande zote mbili: tumboni na ardhini.

Tanzania nayo ina historia yake ya kujivunia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu yapata milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kusafisha visima. Vyoo vilivyochimbwa baada ya kampeni hiyo vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Njia ile ya kusoma pamoja na kutenda pamoja ndiyo inayofuatwa katika somo hili.

KAZI YA CHAMA

Kazi ya kwanza ni choo cha kituo cha kununulia mazao. Msimu ukifika, watu kwa mamia hukaa kituoni kutwa nzima wakingoja mizani. Vituo vingi vina choo kimoja tu cha ofisi, nacho kina kufuli. Karani ana ufunguo. Mwanachama aliyebeba gunia tangu alfajiri huelekezwa kichakani. Watoto waliofuatana na mama zao hujisaidia nyuma ya ghala. Mvua ya kwanza huyachukua yote hayo mpaka mtoni. Chama chenye choo cha namna hiyo kisijihesabu kuwa na choo. Kiwepo choo cha wanachama, chenye mlango wa wanawake na mlango wa wanaume, sakafu inayooshwa, mfuniko wa tundu, na mtu anayelipwa kukisafisha. Choo kichafu huwarudisha watu kichakani, na fedha za ujenzi huwa zimepotea bure. Kisiwe karibu na kisima kwa chini ya mita 30, wala mahali ambapo shimo litafikia maji.

Kazi ya pili ni maji ya kunawa. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo linaloning'inizwa, kamba ya kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni. Kiwekwe mlangoni mwa choo na kingine mahali pa kulia. Mama lishe wanaouza chakula siku za mnada waruhusiwe kwa sharti kwamba wana maji ya kunawia wateja, na kwamba kachumbari yao imeoshwa kwa maji safi.

Kazi ya tatu ni mashamba ya mboga. Wanachama wanaouza mboga kwa pamoja wana jina moja sokoni. Mmoja akiosha karoti zake katika mfereji mchafu, wote huhesabiwa wachafu. Kinyesi cha watu kisitumiwe kurutubisha mboga. Samadi ya ng'ombe na mbuzi na mboji iliyoiva vyatosha. Mtu anayetaka kutumia mbolea iliyotoka katika shimo la choo lililofungwa, aache shimo hilo si chini ya miaka 2, kisha aitumie kwa miti tu. Palipo na shamba kubwa la vibarua, choo kiwe karibu na wanapofanyia kazi, maana hakuna mvunaji atakayeacha mstari wake akatembea nusu saa.

Kazi ya nne ni kushirikiana na zahanati na shule. Katibu aulize tarehe za kingatiba mapema, azitangaze mkutanoni, na ahakikishe siku ya mnada haigongani nazo. Jambo hilo halina gharama yoyote, na mara nyingi ndilo huamua kama mtoto atapata dawa au atakuwa shambani akilinda ndege.

Kazi ya tano ni fedha. Mambo yote haya hubaki maneno mpaka yaingie katika makisio ya chama. Hesabu ifuatayo ni ya mazoezi. Ikichukuliwa kwamba choo cha kituo kitagharimu shilingi 1,800,000, na chama kina wanachama 300, mchango ni shilingi 6,000 kwa kila mmoja. Wanachama wakichimba shimo na kufyatua matofali kwa nguvu zao, na kazi hiyo ikawa na thamani ya theluthi moja, mchango hushuka kuwa shilingi 4,000. Katibu aweke bei halisi za mahali pake, kisha aulize: Safari moja ya mtoto mgonjwa hadi hospitali ya wilaya, nauli na siku za kazi zilizopotea, hugharimu kiasi gani? Wanachama wenyewe watalinganisha.

MFANO WA AZIMIO

Chama kikikubaliana, azimio laweza kuandikwa hivi katika kumbukumbu za mkutano:

"Mkutano Mkuu wa wanachama umeazimia: (1) kwamba choo cha wanachama kijengwe katika kituo cha kununulia mazao kabla ya msimu ujao, na gharama zake ziingizwe katika makisio; (2) kwamba choo hicho kiwe wazi saa zote za ununuzi; (3) kwamba wachaguliwe wanachama 3, wawili wakiwa wanawake, wa kukikagua kila wiki na kutoa taarifa kwa Bodi; (4) kwamba Katibu awasiliane na zahanati juu ya tarehe za dawa ya minyoo na kuzitangaza."

Azimio lisilo na tarehe wala mhusika halikaguliki. Kwa hiyo majina na tarehe viandikwe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini chango wa mtu hawawezi kuongezeka bila yeye kumeza mayai mengine?
2. Yai lililotoka leo haliambukizi leo. Jambo hilo linatufundisha nini juu ya manufaa ya choo?
3. Ni maji gani yanayotumika kuosha mboga za chama, na yanatoka wapi?
4. Mwanachama mmoja asema: "Nimemeza dawa, kazi yangu imekwisha." Ajibiwe nini?
5. Siku ya mnada wa mwisho, wanawake na watoto walijisaidia wapi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano unaofuata, wajumbe 3 wa kikundi wazunguke eneo lote la kituo kwa miguu, pamoja na nyuma ya ghala, kando ya mfereji na njia ya kisimani. Wahesabu mahali penye kinyesi, wapime kwa hatua umbali kutoka choo hadi kisima, na waangalie kama choo kina kufuli, maji na sabuni. Waandike yote katika karatasi moja. Karatasi hiyo isomwe mkutanoni kabla ya ajenda nyingine yoyote, na nakala yake iwekwe katika jalada la chama, ili msimu ujao hesabu ya pili ilinganishwe na ya kwanza.